Lulu ya asili ya abaloni: ni kitu gani, na bei yake hutoka wapi

Lulu ya asili ya abaloni ni lulu iliyokua yenyewe ndani ya mwili wa abaloni, bila mtu kupandikiza kiini. Abaloni si chaza. Ni jamaa wa konokono wa baharini, jenasi Haliotis, mwenye gamba moja bapa lililokaa kama sikio, na mstari wa matundu pembeni ambayo maji ya kupumua hutokea. Hung'ang'ania mwamba na kula mwani. Wakubwa wako maji ya baridi: California na Baja California, Japani, Afrika Kusini wanakomwita perlemoen, New Zealand wanakomwita paua. Walioko Omani wanamjua kwa jina la sufaila, yule anayezamiwa pwani ya Dhofar, upande wa Mirbat na Hasik, kwa siku chache za msimu.

Kitu kigeni kikiingia mwilini, mnyama hukifunika kwa tabaka juu ya tabaka za lulumizi, ule ung'avu wa ndani ya gamba. Nyingi hazitoki duara. Hukua zikiwa zimebanwa kwenye nafasi finyu karibu na matumbo, ndiyo maana zina umbo la jino au pembe iliyopinda, mara nyingi tupu ndani, na upande wa nyuma una ngozi ya kahawia isiyong'aa. Wauzaji huziita pembe tu. Rangi ndiyo sifa yake: kijani, buluu, waridi na fedha zikipishana kwenye kipande kimoja kadiri unavyokigeuza.

Kufuga lulu nzima ndani ya abaloni ni kazi ngumu, kwa sababu damu yake haigandi na jeraha dogo la kisu huweza kumuua. Za kufugwa zilizojaa sokoni ni nusu tufe zilizooteshwa juu ya gamba kisha zikakatwa. Kwa hiyo ukikuta pembe nzima, iliyolegea nyamani, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni ya asili. Lakini mnunuzi hatoi pesa kwa uwezekano.

Udanganyifu wa kawaida ni kipande cha gamba kilichochongwa na kung'arishwa kikafanana na lulu. Chukua lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 na uangalie pembeni. Kipande cha gamba huonyesha tabaka zilizolala sambamba kama kurasa za kitabu, zikikatika ghafla pale jiwe la kusugulia lilipopita. Lulu ya kweli tabaka zake hulizunguka umbo lote, zikifuata kila mkunjo hadi nchani. Ule mtindo wa kuisugua kwenye meno ili kusikia ukwaruzo hausaidii hapa: ukwaruzo unathibitisha lulumizi, na gamba nalo ni lulumizi.

Ukiipata wewe mwenyewe, ipige picha ikiwa bado nyamani kabla ya kuitoa, na gamba usilitupe. Ifute kwa kitambaa laini chenye maji safi, basi. Siki, ndimu na dawa za kung'arishia choo zote ni mwiko; lulu ni madini ya chokaa na tindikali huila uso papo hapo. Usiichemshe. Usimpe sonara aitoboe wala aing'arishe kabla haijaonwa na mnunuzi wa lulu za asili, maana tundu moja mahali pabaya hupasua pembe nzima, na anayenunua atataka kuamua mwenyewe itakaaje kwenye pambo.

Kisha pima. Urefu na upana kwa milimita, uzito kwa mizani inayosoma hadi gramu 0.01. Karati moja ni gramu 0.2, na chembe ya lulu, kipimo cha zamani ambacho wafanyabiashara bado wanakitumia, ni robo ya karati, yaani gramu 0.05. Pembe ya gramu 1.84 ni karati 9.2 au chembe 36.8. Uzito usikupumbaze, kwa vile pembe ni tupu: mbili zenye urefu uleule zinaweza kupishana sana mizanini. Wapo wanaojaza uwazi huo kwa gundi ili iwe nzito, au kuimarisha ukuta uliopasuka. Chungulia mdomo wa pembe. Ukiona kitu kilaini kinachong'aa kama plastiki, uliza.

Hakuna orodha ya bei kwa karati, na anayekupa bei kwa uzito pekee ama hajui ama anajua sana. Kinachoamua kwanza ni rangi na mng'ao. Simama karibu na dirisha mchana, jua lisikupige moja kwa moja. Kama kingo za dirisha zinaonekana zimechorwa juu ya lulu, mng'ao ni mzuri. Zikiwa ukungu, ni wa wastani. Buluu na kijani kilichoiva chenye miali ya waridi huongoza, na krimu iliyofifia hubaki nyuma. Halafu umbo: pembe yenye ulinganifu huizidi iliyokunjamana, na ya duara ni adimu sana. Halafu uso: mashimo, nyufa, ukubwa wa ile ngozi ya kahawia. Ufa unaozunguka ncha ni mbaya kuliko doa, kwa kuwa unaendelea kutembea. Mbili zilizoshabihiana kwa umbo na rangi, moja ikipinda kulia na nyingine kushoto, huuzwa kama jozi ya hereni kwa zaidi ya jumla ya bei zao, basi usiziachanishe.

Watu wengi hugombana na wanunuzi kwa sababu ya neno thamani, ambalo limebeba mambo matatu. Thamani ya bima ni gharama ya kununua nyingine kama hiyo dukani ikipotea. Ndiyo kubwa kuliko zote. Thamani ya soko ni kile ambacho mnunuzi na muuzaji wanaojua mambo, bila haraka, wangekubaliana. Bei ya mfanyabiashara ni fedha anayotoa leo, na lazima iwe chini, kwani itamkalia pengine miaka kabla ya kumpata mteja wake. Lulu ya waridi ya karati 470 iliyopatikana California mwaka 1990 ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 4.7. Hayo ni makadirio, si risiti ya mauzo. Mthamini mlipe ada ya kazi, kamwe si asilimia ya thamani atakayoandika, na akianza kutaka kuinunua yeye, tafuta mwingine.

Cheti cha maabara ni kitu tofauti na tathmini. Maabara kama GIA ya Marekani, SSEF ya Basel au DANAT ya Bahrain huipiga lulu eksirei, pamoja na ile ya tabaka kwa tabaka, ili kuona ilivyokua. Husema kama ni ya asili na kama imetiwa rangi au kujazwa, lakini bei hawaandiki. Uliza ada, usafirishaji na bima yake kabla ya kutuma: kwa lulu ndogo iliyofifia, gharama hizo humeza faida yote. Kwa pembe kubwa yenye rangi, cheti ndicho kinachofungua mlango.

Kuna na sheria. California ilifunga uvuvi wa kibiashara wa abaloni mwaka 1997, na ule wa burudani wa abaloni mwekundu mwaka 2018 baada ya misitu ya mwani kufa. Kilichovuliwa kwa leseni ya burudani huko hakikuruhusiwa kuuzwa. Ndiyo maana mnunuzi makini huuliza ilipatikana wapi, mwaka gani, kwa leseni ipi. Tunza karatasi pamoja na lulu.

Mahali pa kuuza ni patatu. Mfanyabiashara wa lulu za asili hulipa papo hapo, bei ya chini. Mnada unafaa kipande cha pekee. Weka bei ya mwisho usiyoshuka chini yake, na uulize kamisheni, picha na bima vinakatwa kiasi gani, na kama kuna malipo lulu isipouzwa. Sonara mbunifu huweza kulipa vizuri kuliko wote, ila mara nyingi ataichukua mali kauli. Hapo andikeni: uzito hadi gramu 0.01, picha pande zote mbili, bei ya chini, siku ya kurudisha, nani analipa ikivunjika benchini, na kwamba haitobolewi kabla hujalipwa.