Kaswida jukwaani: yanayosemwa na ukweli wake

"Kaswida ya asili, yaani utenzi wa kumsifu Mtume, haikuwahi kuguswa." Utalisikia hilo hapa Arusha kila vijana wa madrasa wanapopanda jukwaani na kinanda.

Historia yasema vingine. Mwishoni mwa karne ya 19, Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akahamia Lamu, aliingiza matari katika maulidi. Baadhi ya masharifu wa mji walimpinga vikali: ngoma msikitini? Leo maulidi ya Riyadha, msikiti wake huko Lamu, huvuta watu kutoka pwani nzima, na kile kilichoitwa uzushi ndicho tunachokitetea kama asili. Sisemi kila nyongeza inafaa. Wanazuoni wametofautiana kuhusu ala: wapo wanaoruhusu dufu pekee, ile ngoma bapa ya mkononi, tena harusini na siku za Idi tu. Hoja hiyo ni ya fiqhi, elimu ya sheria za dini, na ninaiheshimu. Ijadiliwe kwa fiqhi basi, isisingiziwe historia.

Kwamba kaswida ni ya watu wa pwani tu, pita Moshi mjini Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi, usikilize mwenyewe.

Wengine huamini jukwaa humgeuza msifu Mtume kuwa mwanamuziki wa dansi. Mwaka 1985 Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani aliimba qawwali, nyimbo za ibada za Kisufi, kwenye tamasha la muziki la WOMAD, Uingereza, mbele ya umati ambao wengi wao hawakujua lugha yake. Sifa za Mwenyezi Mungu zilibaki zile zile. Hata hamoniamu iliyomsindikiza, kinanda cha upepo, ni ala yenye asili ya Ulaya, iliyokwisha kuzoeleka katika qawwali.

Dhana inayoniudhi zaidi ni hii: ukitaka usasa, ongeza kinanda. Kaswida nyingi hufuata maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kama bayati na rasti, ambazo baadhi ya sauti zake hukaa katikati ya vibonye viwili. Kinanda kisiporekebishwa huwavuta waimbaji kwenye sauti zake, utamu wote ukapotea, kisha tunalaumu makoo ya watoto! Vipo vinanda vinavyokubali kushushwa robo toni. Fundi arekebishe kabla ya mazoezi, si dakika ya mwisho ukumbini.

Dufu likisikika limefifia, lawama huenda kwa spika. Mara nyingi tatizo ni ngozi: hunyonya unyevu ikalegea, na usiku wa baridi na unyevu wa Juni na Julai Arusha tunaujua. Yapasheni madufu moto kwa mbali kwenye jiko la mkaa, na maikrofoni ya madufu iwe mbali na ya waimbaji, ili maneno ya kaswida yasizamishwe na mdundo.