Chalenji ya kutembea siku 14: maswali mnayouliza sana hapa Mbeya

Tangu nianze kuhamasisha watu watembee kila siku kwa wiki mbili mfululizo, maswali yamekuwa mengi na mengi yanafanana, kwahiyo nayajibu hapa kwa pamoja.

Kwanini siku 14? Si niamue tu kuanzia leo natembea maisha yangu yote?

Ukisema maisha yote, siku ya tatu ukichoka unajiambia ntaendelea wiki ijayo maana muda upo. Wiki mbili unaziona zinavyoisha, na mtu anaweza kuzikomalia hata kama kazini kumebana. Ila nisikudanganye, wiki mbili hazitoshi kujenga mazoea. Kuna utafiti wa University College London uliochapishwa 2010, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajizoesha jambo jipya kila siku, wakakuta kwa wastani inachukua siku 66 mpaka mtu afanye bila kujilazimisha, na tofauti ni kubwa, kuna wa siku 18 na kuna aliyekadiriwa kufika 254. Kwahiyo hizi 14 ni za kuwasha tu injini, ukimaliza unajiwekea 14 nyingine.

Kwenye utafiti ule kila mtu alifunga jambo lake jipya kwenye kitu anachofanya tayari kila siku, kama baada ya kula. Na wewe fanya hivyo hivyo. Usiseme "ntatembea nikipata muda", muda haupatikanagi. Sema: nikishafunga duka Mwanjelwa sipandi bajaji hapo hapo mlangoni, natembea mpaka Mafiati ndo napanda. Au nikishatoa vyombo vya mchana nazunguka mtaa mara mbili. Alafu chukua ile kalenda ya ukutani, kila siku ukirudi weka alama kwa peni kabla hujavua viatu, iwe sehemu ambayo nyumba nzima wanaiona, watoto watakuuliza wenyewe mbona leo hujaweka.

Lazima hatua elfu 10?

Hapana kabisa, na hii namba imewakatisha tamaa watu wengi mno. Ilianzia Japani miaka ya 1960 kwenye biashara ya kifaa cha kuhesabu hatua, haikutoka hospitali wala maabara. Utafiti wa Marekani wa 2019 uliofanywa kwa wanawake wazee, wastani wa miaka 72, ulionyesha waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kupanda mpaka kama 7,500 hivi ikatulia. Ona sasa, bibi wa hatua 4,400 tayari anafaidika, wewe unakaa nyumbani kwasababu elfu 10 huziwezi!

Mi nashauri uhesabu dakika, simu ya kuhesabu hatua si kila mtu anayo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yani nusu saa kwa siku tano tayari umefika kiwango cha chini. Na tangu mwongozo wa 2020 hata vipande vidogo vidogo vinahesabika, zamani walikuwa wanataka angalau dakika 10 kwa mkupuo. Kama hujatembea siku nyingi anza na dakika 10 wiki ya kwanza, ya pili 15 mpaka 20.

Ntajuaje kasi inatosha?

Uwe unaweza kuongea na mwenzako vizuri lakini ukijaribu kuimba pumzi inakata. Ukiweza kuimba pambio lote ongeza mwendo, ukishindwa hata kujibu salamu punguza. Hapa kwetu milima inakusaidia, ukitoka Mafiati kupanda kwenda mjini hata mwendo wa kawaida utahema. Na kama umehamia juzi kutoka Dar usiogope ukihema kuliko ulivyozoea, Mbeya iko juu kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mwili utazoea, wewe nenda taratibu siku za mwanzo na anza na njia za tambarare.

Mi nashinda nimesimama sokoni kutwa nzima, si inatosha?

Kusimama ni kuzuri kuliko kukaa ila moyo haujapandishwa kasi. Mama anayebeba ndoo za maji na kupanda nazo mlima huyo yuko kwenye mazoezi tayari, simwambii aongeze kitu. Nawaambia sisi ambao kutoka geti mpaka kituoni tunaita boda.

Baridi ya mwezi wa sita na mvua je?

Hapa ndo chalenji nyingi zinafia, kwahiyo panga mapema. Mwezi wa sita na wa saba saa 12 asubuhi bado ni giza, sisi tuko magharibi jua linatufikia kwa kuchelewa kuliko Dar, lakini saa 12 jioni bado mwanga upo. Basi hamishia jioni, ni salama zaidi hata kwa magari na vibaka, hasa kwa dada zetu, na mkiwa wawili ni bora zaidi. Vaa sweta unaloweza kulivua ukipata joto. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili huko, tembea kabla mawingu hayajakusanyika, na ikigoma kabisa zunguka ndani au panda na kushuka ngazi.

Viatu gani?

Huhitaji vya bei. Raba za mtumba pale soko la Sido zinatosha ila zikague: ingiza mkono ndani upapase kisigino kama kuna kinachochoma, kunja soli, inatakiwa ikunjike kwenye vidole na sio katikati ya wayo, alafu vaa na soksi usimame, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kandambili hapana, hasa kwenye mteremko.

Nikiruka siku moja naanza upya?

Usianze upya. Utafiti ule ule wa siku 66 uliona kukosa mara moja hakuharibu chochote cha maana. Kesho yake endelea, acha tu zisifuatane mbili.

Nina presha au sukari, naruhusiwa?

Kwa wengi kutembea ni sehemu ya tiba, presha inashuka taratibu na misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, ndo maana kutembea kidogo baada ya ugali wa mchana kunasaidia sana. Ila muone daktari wako kwanza na USIACHE dawa eti kwasababu umeanza kutembea. Anayechoma insulini atembee na pipi au sukari mfukoni, akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kuchanganyikiwa ale hapo hapo. Na mwenye sukari akirudi avue soksi, aangalie nyayo na katikati ya vidole kwenye mwanga, kama haoni vizuri amwombe mtoto amwangalizie, maana ganzi inaficha malengelenge mpaka yanakuwa kidonda.

Kwa yeyote yule, ukisikia kifua kinabana, maumivu yanaelekea mkono au taya, kizunguzungu cha kutaka kuanguka au pumzi isiyotulia hata ukipumzika, simama hapo hapo, omba msaada, uwahishwe hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kupambazuke.