Duplicate na replicate: kitenzi kinachoweza kuliangusha andiko la mradi

Katika maandiko ya miradi yanayoletwa kwenye kitengo chetu cha lugha ili Kiingereza chake kihaririwe, kuna sentensi isiyokosekana: "We will duplicate this project in Singida." Aliyeiandika ana nia njema. Mradi umefanya vizuri Dodoma, sasa anaomba fedha aupeleke mkoa wa jirani. Mfadhili anaposoma anaelewa mengine kabisa, kwa sababu kwake "duplication of efforts" ni lawama: mashirika mawili yanafanya kazi ileile, kwa watu walewale, na fedha zinapotea. Kitenzi kilichotakiwa hapo ni replicate.

Duplicate inahusu kitu chenyewe. Unacho kimoja, unatoa cha pili kinachofanana nacho: faili, cheti, picha. Replicate inahusu namna kitu kilivyofanyika. Unafuata utaratibu uleule, mahali pengine au wakati mwingine, ukitarajia matokeo yaleyale.

Chukua sanduku la kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanachama watatu, na sanduku lenyewe analala nalo mtu wa nne. Mmoja wa wale watatu akienda kwa fundi kuchongesha ufunguo wa pili, he has duplicated the key, na kikundi kina kila sababu ya kuitisha kikao. Kijiji cha pili kikivutiwa na mpango huo, kikaandika katiba yake, kikanunua sanduku lake na kuanza kuuziana hisa, they have replicated the model. Hakuna aliyeibiwa, na kikoba cha kwanza hakikupungukiwa kitu.

Na ndivyo vikundi vya aina hii vilivyoenea Afrika. Shirika la CARE liliuanzisha mfumo huo mwaka 1991 huko Maradi, Niger, kwa akina mama ambao wengi wao hawakujua kusoma. Hesabu zilikaa vichwani: kila mmoja alikariri fungu lake mbele ya wenzake. Baadaye, kwingineko, vikaja vitabu vya wanachama vinavyogongwa mihuri ya hisa. Kiini cha mfumo kilibaki: kuweka pamoja, kukopeshana, kugawana mwisho wa mzunguko. Ndiyo maana replicate inavumilia mabadiliko madogo ya mazingira. Duplicate haivumilii, nakala ya cheti iliyobadilishwa tarehe si nakala tena, ni kesi.

Kwa watafiti, tofauti hii ina uzito zaidi. Mwaka 2015 kundi kubwa la wanasaikolojia lilichapisha katika jarida la Science matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizokwisha kuchapishwa. Waliajiri washiriki wapya, wakafuata mbinu zilezile, wakapima upya. Takriban asilimia 36 tu ya marudio hayo yalitoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu (yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu), ilhali kwenye tafiti za awali ilikuwa asilimia 97. Kazi hiyo ni replication. Kuchukua makala yako uliyokwisha kuichapisha na kuipeleka jarida lingine kama mpya ni duplicate publication, na hilo ni kosa la kimaadili. Mwanafunzi wa uzamili anayeandika "I duplicated the study of 2012" anajishtaki mwenyewe pasipo kujua.

Virusi navyo hu-replicate. VVU vikiingia kwenye seli huitumia kutengeneza virusi vingine, na katika kunakili vinasaba vyao hufanya makosa mengi. Baadhi ya makosa hayo ndiyo huzaa usugu wa dawa. ARV hufanya kazi kwa kuukatiza mchakato huo, kwa hiyo kwenye maandishi ya kitabibu utakutana na viral replication kila ukurasa.

Wenye lugha yao nao huchanganya. Utasikia "duplicate his success", na kamusi zinaruhusu. Mimi bado namshauri anayeomba fedha au anayeandika tasnifu asijitie kwenye ruhusa hiyo. Jihadhari pia na replica: inafanana na replicate lakini yenyewe ni kitu, kama jezi ya mashabiki inayouzwa dukani.

Kuhusu matamshi, duplicate ikiwa kitenzi huishia na sauti "keit". Ikiwa nomino au kivumishi, mwisho wake hufifia na kuwa karibu na "ket". Na fomu ikikuagiza "submit in duplicate", peleka nakala mbili kwa jumla, yaani halisi na kopi yake moja. Wengi hupeleka tatu.