Muundo Mmoja wa Kurasa za Marejeo katika Lugha za Programu

Anayejifunza lugha ya programu husoma somo tangu mwanzo. Aliyekwisha kuijua hufungua marejeo: anatafuta jambo moja, akilipata anarudi kazini. Ni kwa ajili yake marejeo yanahitaji muundo mmoja, yaani makubaliano kwamba kila ukurasa unaoeleza fanksheni (kipande cha programu chenye jina, kinachofanya kazi fulani kikiitwa) utakuwa na sehemu zilezile, zenye majina yaleyale, kwa mpangilio uleule. Ndivyo ilivyo kamusi: kidahizo, aina ya neno, ngeli, maana. Ukijua kusoma neno moja, umejua kuyasoma yote.

Tazama mwongozo wa PHP, lugha ya programu inayotumika sana kwenye tovuti. Ukurasa wa fanksheni huanza na jina na kazi yake kwa maneno machache, kisha namna inavyoandikwa, parameta (vitu inavyopewa ili ifanye kazi), thamani inayorudishwa, mabadiliko ya matoleo, mifano, na fanksheni nyingine zinazohusiana nayo. Chukua strpos, inayotafuta mahali herufi fulani zinapoanzia ndani ya maandishi. strpos("habari", "ha") hurudisha 0, kwa kuwa nafasi huhesabiwa kuanzia sifuri. strpos("habari", "zu") hurudisha false, yaani "si kweli": herufi hizo hazipo. Ukiyaweka matokeo hayo moja kwa moja ndani ya if, yaani amri ya kupima sharti, ile 0 nayo itachukuliwa kuwa false, na programu itasema herufi hazipo ilhali zimekaa mwanzoni kabisa. Dawa ni kulinganisha kwa !== false, yaani kuuliza kama matokeo si false yenyewe hasa. Onyo hilo limewekwa chini ya thamani inayorudishwa, palepale ambapo aliyeuzoea mwongozo atapeleka macho. Lingezama katikati ya maelezo marefu, wengi wangelipita.

Faida iliyo kubwa zaidi, naamini, ni kwa yule anayeandika marejeo. Kila kichwa cha sehemu ni swali asiloweza kulikwepa bila pengo kuonekana. Mwongozo wa kwanza wa Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie huko kwenye maabara za Bell Labs mwaka 1971, ulitenga sehemu ya kasoro zinazojulikana. Pasipokuwa na kasoro ya kutaja, waliweka vistari viwili badala ya kuifuta sehemu. Msomaji akajua kwamba swali liliulizwa. Huo ni uungwana ambao marejeo mengi ya leo hayana.

Java, lugha nyingine ya programu, ilikwenda mbali zaidi. Alama kama @param, @return na @throws huandikwa ndani ya msimbo wenyewe, na tangu Java 8, ya mwaka 2014, Javadoc, zana inayotengeneza kurasa za marejeo kutokana na alama hizo, inaweza kukagua maelezo hayo na kutoa onyo parameta ikiachwa bila kuelezwa. Lakini ukaguzi huo huona tu kama sehemu imejazwa. Ukiandika "@param umri umri", itapita, na msomaji hajaambiwa kitu. Alichotaka kujua ni hiki: umri ni wa miaka kamili, usiwe chini ya 0, na ukiwa chini methodi (jina la fanksheni katika Java) itatupa IllegalArgumentException, yaani kosa la kupewa thamani isiyofaa.