Ubao wa mchagoni kwa kitanda cha mtu mmoja katika chumba chembamba

Wateja wengi wanaofika karakanani kwangu hapa Lamu kuagiza kitanda cha mtu mmoja huwa wameshachagua nakshi ya ubao wa mchagoni, yaani ule wa upande wa kichwa, kabla hawajapima chumba. Mimi huwauliza kwanza kitanda kitalazwa upande gani, kwa sababu jibu hilo ndilo linaloamua ubao uwe mnene kiasi gani, uwe na upana gani, na pengine kama unahitajika hata kidogo.

Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni vyembamba kwa sababu dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa. Kwa hivyo upana wa chumba, ukuta hadi ukuta, mara nyingi hukaribia mita 2.5 tu, hata urefu wake ukiwa mkubwa. Godoro la futi 3 kwa 6 lina urefu wa sentimita 183. Ongeza vitakizo viwili, cha kichwani na cha miguuni, kila kimoja kikiwa na unene wa sentimita 3, utafika 189. Kitanda hicho kikikingamishwa chumbani, mchago ukiwa ukutani, hubaki njia ya sentimita 61 miguuni, kabla ya kutoa nafasi ndogo za hewa na chandarua nitakazozitaja mbele, na mtu hupita hapo bila taabu. Lakini mteja akitaka ubao wenye rafu ya vitabu, kama ule aliouona kwenye picha za intaneti, unaoongeza kina cha sentimita 20, njia hubaki 41, na kila apitaye sharti apite ubavu. Kwa chumba kama hicho sitengenezi rafu. Natengeneza ubao mwembamba usiozidi unene wa kitakizo chenyewe.

Kitanda kikiegemezwa ubavu kwenye ukuta mrefu, hesabu hugeuka. Unene haudhuru sana, ila upana hudhuru, kwani ubao uliotokeza nje ya mifumbati, yaani mbao za ubavuni mwa kitanda, hukizuia kitanda kisifike ukutani, na ule ufa unaobaki humeza mito, simu na vitabu vya mtoto. Hapo ubao uwe sawasawa na kitanda.

Kimo ndicho kitu ambacho nyumba zetu za kale hazikutunyima, kwa kuwa dari ziko juu. Kwa mtu anayependa kusoma akiwa ameegemea, ubao uinuke inchi 20 hadi 24 juu ya godoro, na kipimo hiki kichukuliwe godoro likiwa kitandani, maana godoro la inchi 6 na la inchi 10 hayawezi kupewa ubao mmoja. Kuna jambo moja la kuangaliwa: ikiwa ukuta wa mchagoni una daka, yaani kishubaka kilichochimbwa ukutani, ubao uishie chini yake. Daka hushika taa, miwani na gilasi ya maji, na kwa hivyo humwondolea mwenye chumba haja ya meza ya kando ambayo nafasi yake haipo. Katika nyumba mpya za matofali, ambako madaka hayapo na dirisha huwa chini, ubao usipite kizingiti cha dirisha, la sivyo utaziba upepo palepale unapohitajika.

Sipendekezi ubao kupigiliwa ukutani. Plasta ya chokaa haishiki msumari vizuri, nao ukuta wa matumbawe hubeba unyevu na chumvi, hasa wakati wa masika. Ubao ufungwe kwenye matendegu, yaani miguu ya kitanda, kwa bolti za shaba au za chuma kisichoshika kutu, na uachwe mbali na ukuta kwa sentimita 2 au 3 ili hewa ipite nyuma yake. Bolti zina faida nyingine pia: ngazi zetu ni nyembamba na zina kona, na kitanda kisichofunguka huishia uani.

Kuhusu mbao, mvule na mbambakofi hustahimili hali ya hewa yetu, ingawa mbambakofi ni nzito. Mwembe ni wa bei nafuu lakini hutobolewa na wadudu wa fukusi usipotiwa dawa. Mbao za unga uliokandamizwa kwa gundi hufura zikipata unyevu. Wageni hupenda sana mbao za majahazi makuukuu; mimi huzikubali kwa shingo upande, kwa kuwa chumvi iliyomo huvuta unyevu hewani na mashimo ya misumari hutoa madoa ya kutu ambayo huhamia kwenye foronya. Ikiwa ubao una fremu na kidirisha cha mbao katikati, kidirisha hicho kikae ndani ya mfereji wa fremu bila gundi, kipate nafasi ya kutanuka na kusinyaa, kwani kikigundishwa kitapasuka.

Nakshi za kuchimba sana ni nzuri kutazamwa, lakini huumiza mgongo na hukusanya vumbi. Mama mmoja wa mtaa wa Mkomani aliponiambia, "Fundi, mwanangu ataegemea wapi?", nilimchorea nakshi kwenye ukingo wa juu pekee, na sehemu ya mgongo nikaiweka mkeka wa ukindu uliokazwa kwenye fremu. Mkeka hupitisha hewa. Sponji iliyovishwa kitambaa na kupigiliwa hunyonya jasho na mafuta ya nywele na haifuliki. Anayetaka ulaini aweke mto wa kufunga kwa kamba, ambao foronya yake huvuliwa na kufuliwa.

Mwisho ni chandarua. Kichwa cha nguzo ya kitanda kilichochongoka huirarua, basi ncha zote ziviringwe. Na baina ya godoro na ubao iachwe nafasi ya vidole viwili, ili chandarua ipite hapo na kuchomekwa chini ya godoro. Kipimo hicho mwambie fundi kabla hajakata mifumbati, kwani baadaye hakiongezeki.