Tope la Nairobi likifika Malindi

Watu hucheka nikiwaambia kwamba kazi yangu ni mikondo ya bahari na ofisi yangu iko Nairobi. "Bahari ipi, Nairobi Dam?" Basi huwaambia waende wasimame kwenye daraja lolote la Mto Nairobi baada ya mvua kubwa. Maji yale mazito, rangi ya chai ya maziwa, yanaingia Mto Athi, yanaporomoka Fourteen Falls, yanakutana na Mto Tsavo na kuanza kuitwa Galana, halafu Sabaki, na mwisho yanamwagika baharini kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi. Likishafika pale, hilo tope letu linashika njia ipi?

Ukikaa ufukweni Malindi hutalipata jibu. Jibu linaanzia ng'ambo ya pili ya bahari. Mkondo wa Ikweta wa Kusini huvuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, na sehemu ya maji yake imetoka Pasifiki kwa kupenya visiwa vya Indonesia. Ukifika karibu na Rasi Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, unagonga Afrika na kugawanyika. Tawi la kaskazini ndilo linalopita Mtwara, Unguja na Mombasa, mwaka mzima likielekea kaskazini.

Wakati wa kusi, upepo wa msimu utokao kusini, mkondo huo hupata nguvu, huweza kupita mita 1 kwa sekunde, na hunyoosha hadi Somalia. Kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, ikiingia, mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini. Hukutana na wetu mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya, kama wapagazi wawili waliokutana kichochoroni Lamu, na yote miwili huishia kugeukia mashariki, bahari kuu.

Makutano hayo yameangukia mahali pazuri mno. Sehemu kubwa ya pwani yetu, eneo la kina kifupi lina upana wa kilomita chache tu kabla ya sakafu kuporomoka. Mbele ya Ghuba ya Ungwana hutanuka hadi kilomita 60 hivi. Maji ya juu yakivutwa kwenda nje, pengo hujazwa na maji ya chini, baridi, yenye nitrati na fosfati. Vijimea vidogo vinavyoelea hushiba, dagaa hufuata, na nyuma ya dagaa huja jodari.

Kusi hufanya kinyume. Kusini mwa ikweta, mzunguko wa dunia huyapeleka maji yanayosukumwa na upepo upande wa kushoto wa upepo huo. Kwa kusi, kushoto ni pwani. Maji hurundikana, huzama, tabaka la joto huwa nene na chakula hubaki chini. Muuza samaki wangu pale City Market, mtu wa Kipini, nikimuuliza mbona nguru hakuna, hunijibu, "Kusi hiyo, dakta, mawimbi." Ni kweli, vyombo haviendi mbali. Lakini hata mawimbi yangetulia, meza ya huko chini ingekuwa haijaandaliwa.

Na tope? Kusi hulipeleka kaskazini, kuelekea Ungwana, ambako kamba hawachukii matope. Kaskazi hulirudisha kusini, juu ya matumbawe ya Malindi, na matumbawe bila mwanga hudhoofika. Wageni wa Desemba hukuta maji ya kahawia na kuilaumu hoteli.

Kuna miaka ambayo bahari yenyewe huongeza tope. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko kawaida na wa mashariki ukapoa, kama ilivyokuwa 1997 na 2019, mvua za vuli huku kwetu huzidi. Mito hufurika na kuchukua udongo wa mashamba ya bara, nao hufika Sabaki kaskazi ikiwa ndiyo kwanza inashika, mlango wa mto ukiwa umeelekezwa Malindi.