Je, wajua kwa nini Python, lugha ya kuandikia programu, hukuacha ubadilishe bei ndani ya kitanzi (msimbo unaorudiwa kwa kila kitu kilichomo), lakini hukukatalia kuongeza samaki?

Kusi likivuma Mombasa, bahari huchafuka, mashua hutoka chache na bei ya samaki hupanda. Tuseme muuzaji wa Mji wa Kale ameweka bei zake za kilo kwenye kamusi ya Python, yaani orodha ambamo kila ufunguo (jina la samaki) una thamani yake (bei), na leo anaongeza shilingi 50 kila aina:

```
bei = {"changu": 500, "tafi": 450, "kolekole": 600}
for samaki, b in bei.items():
    bei[samaki] = b + 50
```

Wengi wamefundishwa kwamba kamusi haiguswi inapopitiwa, kwa hiyo msimbo huu huwatia hofu. Hauna kosa. Ndani yake kamusi ni jedwali, na Python huipata kila bei kwa hashi, namba inayokokotolewa kutokana na ufunguo, mathalani "changu". Thamani, ile 500, imeshikizwa tu pale ufunguo ulipo. Ukiibadilisha, hakuna kinachohama. Ukimwongeza "ngisi" katikati ya kitanzi, jedwali laweza kujaa na kulazimika kujengwa upya, na kitanzi kisijue tena kimefika wapi. Ndiyo maana Python hukagua ukubwa wa kamusi kila hatua, na ukibadilika husimama papo hapo: `RuntimeError: dictionary changed size during iteration`. Ngisi na aingie kabla ya kitanzi au baada yake.

Njia ya pili ni ya mstari mmoja:

```
bei_mpya = {samaki: b + 50 for samaki, b in bei.items()}
```

Hii hujenga jedwali jipya. Funguo zenyewe hazinakiliwi, ila kumbukumbu hubeba majedwali mawili kwa pamoja. Kwa samaki elfu hutahisi chochote. Kwa mamilioni ya funguo, njia ya kwanza huokoa nafasi kubwa.

Lakini mimi siangalii kasi kwanza. Nauliza: nani mwingine anaitegemea kamusi hii? Ukiandika `bei_jana = bei`, hujanakili kitu; umeipa kamusi ileile jina la pili. Ukipandisha bei kwa kitanzi, za jana nazo zimepanda, na mteja aliyekopa kilo ya changu jana kwa 500 leo anadaiwa 550. Hiyo ni dhuluma, na programu haitatoa onyo lolote.

Kwenye hesabu za madeni, basi, jenga kamusi mpya, ya zamani ibaki ilivyo. Mpangilio hautavurugika: tangu Python 3.7, iliyotoka 2018, kamusi hutunza funguo kwa utaratibu zilivyoingia.